Kabla ya kumwadhibu anayepiga miayo

MUHULA wa pili wa mwaka 2024 niliitwa katika shule moja ya mabweni kujibu mashtaka kwa niaba ya dada yangu. Mwanawe, mvulana wa Kidato cha Pili, alikuwa amepewa barua ya kumleta mzazi. Kosa lake? Kupiga miayo gwarideni. Tena si kupiga miayo tu. Kwa mujibu wa barua hiyo, kijana alikuwa "amewachochea wenzake", kwani baada yake mstari mzima wa Kidato cha Pili ulianza kupiga miayo, ukafuata ule wa Kidato cha Tatu, huku naibu wa mwalimu mkuu akiendelea kusoma matangazo. Shule ilichukulia kwamba hiyo ilikuwa njama.

Nilimkuta naibu huyo ofisini mwake, mzee mwenye heshima zake. Alinikaribisha kiti, akanieleza kisa hicho kwa utaratibu, na ili nipate kuelewa uzito wa jambo lenyewe akasimama kunionyesha jinsi kijana alivyopanua kinywa. "Tazama, mzazi, alifanya hivi," akasema. Maskini, mwalimu hakuufikisha mwisho mchezo huo. Mwayo wa kweli ulimjia, akaufunika kwa kiganja. Kabla hajaketi nami nilikuwa nimeshaupokea wangu, na karani aliyekuwa akichapa barua kwenye kona akageuza uso upande wa dirishani.

Hakuna aliyecheka. Tulikaa kimya kwa muda, watu wazima watatu wenye macho yaliyolowa machozi ya miayo.

Ninaandika haya kwa sababu kisa hicho si cha shule moja. Mfanyakazi akipiga miayo mkutanoni, mkubwa wake humtazama kwa jicho kali. Muumini akipiga miayo mahubiri yakiendelea, wa karibu naye humwona kuwa hana imani. Mlinzi wa usiku akipiga miayo mbele ya mwenye nyumba saa kumi na mbili asubuhi hudhaniwa kwamba alikuwa amelala kazini, ilhali aghalabu ukweli ni kinyume: anapiga miayo kwa sababu alikesha. Mimi nashikilia kwamba mwayo wa kuambukizwa ni jambo ambalo mtu hawezi kuamrishwa kuliacha, na kumwadhibu kwa ajili yake ni sawa na kumwadhibu kwa kupepesa macho vumbi linapoingia. Na walio na ujuzi wa mambo ya ubongo wametupa sababu za kutosha za kusema hivyo.

Kwanza tuliondoe kosa moja tulilofundishwa wengi wetu darasani, kwamba mtu hupiga miayo kwa sababu damu yake imepungukiwa na hewa safi ya oksijeni. Dhana hii ilipimwa miaka mingi iliyopita na Robert Provine, mtaalamu wa saikolojia na ubongo katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, nchini Marekani, ambaye alifariki mwaka 2019. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, yeye na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo oksijeni tupu wavute, kisha wakawapa hewa iliyoongezwa kabonidioksidi, ile hewa chafu tunayoitoa puani. Hewa hiyo chafu iliwafanya wapumue kwa kasi zaidi, kama mtu anavyotarajia. Miayo haikuongezeka. Wala oksijeni tupu haikuipunguza. Aidha, mtoto aliye tumboni mwa mamaye, ambaye havuti hewa yoyote kwa mapafu yake, huonekana kwenye picha za uchunguzi wa mimba akipanua kinywa na kukifunga kwa namna ile ile ya miayo. Kwa hivyo mwalimu anayefungua madirisha ili darasa liache kupiga miayo anafanya jambo jema kwa sababu nyingine, lakini si hiyo.

Provine ndiye pia aliyetupimia mwayo wenyewe. Huchukua wastani wa sekunde sita hivi, na ukishaanza haukubali kukatizwa katikati. Alipowaonyesha watu picha za video za mtu akipiga miayo, zaidi ya nusu yao, asilimia 55, walipiga miayo katika muda wa dakika tano. Wengine walipiga kwa kusoma tu makala juu ya miayo, na msomaji ambaye tayari amepiga mmoja tangu aanze safu hii asione haya. Hajachoshwa na mwandishi; natumai hivyo.

Lakini jaribio lake lililonivutia zaidi ni lile la kuficha sehemu za uso. Alipoufunika mdomo wa mtu wa kwenye video, watazamaji waliendelea kuambukizwa kama kawaida. Alipowaonyesha mdomo peke yake uliopanuliwa, bila macho wala mashavu, nguvu ya kuambukiza ilipotea. Ubongo hausomi mdomo, bali uso mzima: macho yanayofinywa, kichwa kinachoinuka, shingo inayokaza. Kwetu, na hasa katika nyumba za Waislamu za pwani, mtoto hufundishwa mapema kuufunika mdomo kwa mkono anapopiga miayo. Ni adabu njema na iendelee. Ila haizuii kuenea. Mpwa wangu, kwa kauli ya mwalimu wa zamu mwenyewe, alikuwa ameufunika mdomo wake.

Sasa tuingie ndani ya fuvu la kichwa. Kuna miayo ya aina mbili, na tukizichanganya hatutaelewa chochote. Ya kwanza ni ile inayomjia mtu peke yake, ya usingizi, ya kuamka, ya kuchoka kungoja. Hii hutoka katika sehemu za ubongo zilizo za kale mno, yaani shina la ubongo linaloungana na uti wa mgongo, na kijisehemu kidogo kilicho juu yake kiitwacho haipothalamasi, ambacho husimamia njaa, kiu, joto la mwili na usingizi. Samaki hupanua vinywa hivi, nyoka pia, ndege pia. Anayetaka kuona jinsi sehemu hizi zinavyofanya kazi bila kutuomba ruhusa na awaulize madaktari wanaotibu kiharusi. Kuna wagonjwa waliopooza mkono wasioweza kuuinua hata wakijitahidi vipi. Wakipiga mwayo, mkono ule uliokufa huinuka wenyewe, kisha mwayo ukiisha huanguka. Madaktari wa Ufaransa waliipa hali hiyo jina la kitabibu mwaka 2005. Nimesikia familia zikishangilia kwamba mgonjwa amepona, na daktari akalazimika kuwaeleza pole pole kwamba sivyo. Amri ya kuinua mkono ilikuwa imepita njia nyingine, ya kale, isiyopitia kwenye utashi wa mtu.

Aina ya pili ni mwayo wa kuambukizwa, na huu ni kitu kipya zaidi. Mtoto mchanga hupiga miayo, lakini hauokoti wa mamaye. Kuambukizwa huanza kuonekana wazi mtoto akifika miaka minne au mitano. Basi lazima kuwe na sehemu ya juu ya ubongo, inayokomaa baadaye, ambayo huona uso wa mwenzako na kuushtua ule mtambo wa kale wa chini.

Ni sehemu ipi? Hapo ndipo wataalamu wamekuwa wakivutana. Katika miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake wa mji wa Parma, Italia, walikuwa wamegundua katika ubongo wa nyani chembe za neva zinazowaka mnyama anaposhika kitu, na pia anapomtazama mwingine akikishika. Waliziita chembe za kioo, na haukupita muda kila kitu kikawa kinaelezwa kwa chembe hizo, miayo ikiwemo. Mimi huwa na shaka na ufunguo mmoja unaofungua kila mlango. Mwaka 2005 watafiti wa Finland waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwaonyesha nyuso zinazopiga miayo. Kilichowaka zaidi ni eneo la pembeni, juu ya sikio, linalohusika na kusoma macho na nyuso za watu. Zile sehemu zinazohesabiwa kuwa makao makuu ya chembe za kioo hazikuonyesha jambo la pekee. Inaelekea, basi, kwamba hatuigi mwayo kama mtoto anavyoiga ngoma. Tunauona uso, na mtambo unashtuka.

Utafiti ambao ningependa kila mwalimu mkuu na kila meneja ausome ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2017. Profesa Stephen Jackson na wenzake walichukua watu wazima 36, wakawaonyesha video za watu wakipiga miayo. Wakati mwingine waliwaambia wasijizuie. Wakati mwingine waliwaagiza wajizuie kabisa. Miayo ilihesabiwa yote, iliyopigwa wazi na iliyobanwa menoni, na kila mtu alitakiwa kuonyesha ni kwa kiasi gani alihisi hamu ya kupiga.

Matokeo yalikuwa haya. Kuagizwa ajizuie kulimzidishia mtu hamu. Miayo ya wazi ilipungua, lakini ile ya kubanwa ikachukua nafasi yake, na mwelekeo wa kila mtu wa kuambukizwa ukabaki pale pale. Kisha watafiti walipima, kwa kutumia mitikisiko ya sumaku inayopitishwa juu ya kichwa bila kukipasua, jinsi ile sehemu ya ubongo inayoendesha misuli ilivyo nyepesi kusisimka kwa kila mmoja wao. Kipimo hicho kilieleza kwa sehemu kubwa ni nani huambukizwa kwa urahisi na ni nani huambukizwa kwa shida. Na walipoisisimua sehemu hiyo kwa umeme hafifu, hamu ya kupiga miayo iliongezeka.

Msomaji apime mwenyewe. Tofauti kati ya kijana anayepiga miayo akimwona mwenzake na yule asiyepiga hailetwi na malezi wala heshima. Imo katika wepesi wa kusisimka wa ubongo wake, kitu alichokuja nacho gwarideni kama alivyokuja na urefu wake. Na yule mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi mia sita na kupaaza sauti, "Nisione mtu akipiga miayo hapa!" ametoa amri ile ile iliyotolewa na watafiti wa Nottingham, na atapata kile kile walichokipata.

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao nao haunipendezi. Baadhi ya watu wamegeuza mwayo kuwa kipimo cha utu. Utasikia ikisemwa kwamba asiyeambukizwa hana huruma, kwamba ana moyo wa jiwe, na nimeona vijana wakiwapima wachumba wao kwa kuwapigia miayo mbele ya soda. Chanzo cha maneno haya ni tafiti za kweli. Mwaka 2011 Ivan Norscia na Elisabetta Palagi wa Italia waliripoti kwamba watu huokota zaidi mwayo wa jamaa na marafiki kuliko wa mtu wasiyemjua. Ni jambo la kuvutia. Lakini jamaa yako ndiye uso unaoutazama zaidi, na mgeni katika matatu humkodolei macho. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwapima watu 328. Kati yao 222 waliambukizwa. Huruma haikuwa na uhusiano wowote na matokeo hayo, wala akili, wala uchovu. Kilichoonekana kuhusika ni umri tu, kwani wazee huambukizwa kidogo zaidi, na hata umri wenyewe ulieleza asilimia 8 pekee ya tofauti kati ya mtu na mtu.

Waliodhulumiwa zaidi na dhana hii ya huruma ni watoto wenye usonji. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba wao huambukizwa kidogo kuliko watoto wengine, na mara wengine wakatia chumvi na kudai kwamba watoto hao hawana hisia kwa wenzao. Mwaka 2013 watafiti walirudia jambo hilo kwa uangalifu, wakahakikisha kwamba mtoto anautazama uso kwa kweli wakati mwayo unapopigwa. Tofauti ilitoweka. Watoto wale hawakupungukiwa na huruma. Hawakuwa wakitazama uso tu. Mzazi aliyesumbuliwa na maneno hayo anaweza kuyatupa.

Mbona basi maumbile yakatupa kitu hiki? Wapo wanaosema mwayo huupoza ubongo kwa kuingiza hewa baridi na kusukuma damu usoni, na Andrew Gallup wa Marekani ameitetea hoja hiyo tangu mwaka 2007 kwa majaribio mengi, likiwemo lile la kuweka kitambaa baridi kwenye paji la uso, ambapo watu karibu waliacha kabisa kuambukizwa. Ni hoja yenye nguvu lakini haijawashawishi wote. Ninayoiona kuwa karibu zaidi na yaliyotokea gwarideni ni ile ya kundi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wataalamu waliwatazama simba wa mwituni nchini Afrika Kusini. Simba aliyeokota mwayo wa mwenzake alielekea mno kufanya kile mwenzake alichofanya baadaye: huyu akiinuka, yule naye huinuka. Mwaka huo huo Gallup na mwenzake walionyesha kwamba watu waliotoka kutazama miayo ya wengine walimtambua nyoka katika picha upesi zaidi. Huenda mmoja anapochoka, wengine huamshwa wafungue macho zaidi. Kama ndivyo, mstari ule wa Kidato cha Pili ulikuwa ukijitahidi kubaki macho ili umsikilize naibu.

Na hapo ndipo palipo na shida yenyewe. Mwayo wa pili na wa tatu waliambukizana. Wa kwanza ulitoka wapi? Nilimuuliza naibu kengele ya kuamka hulia saa ngapi. Saa kumi na nusu alfajiri, akasema, kwa ajili ya masomo ya kabla ya mapambazuko. Na taa huzimwa saa nne usiku. Nikapiga hesabu mbele yake: saa sita na nusu, iwapo kijana hulala taa inapozimwa tu. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi. Tena mwili wa kijana katika umri huo husogeza saa yake mbele, hata akilazwa mapema usingizi humchelewea. Hii si ukaidi pia. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 hapa Kenya ziliweka masomo rasmi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na kila mzazi wa Nairobi anayemvisha mtoto sare gizani akingojea basi la shule anajua kanuni hizo zinavyoheshimiwa.

Shuleni, gharama ya usingizi uliopotea ni alama. Barabarani ni maisha. Sheria ya trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Abiria aliyeketi mbele usiku, kati ya Mtito Andei na Voi, akimwona dereva akipiga mwayo baada ya mwayo, asimcheke wala asinyamaze kwa heshima. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumrudishii mtu usingizi aliokosa. Kuegesha gari mahali salama na kulala dakika ishirini, baada ya kikombe cha kahawa, husaidia kwa muda, na baada ya hapo inafaa mwingine ashike usukani.

Niongeze neno kwa walio na miayo isiyokoma ingawa wanalala vya kutosha. Wengine hukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini bila kujua, hivyo wakaamka wachovu kana kwamba hawakulala. Baadhi ya dawa za kutibu mfadhaiko nazo huleta miayo mingi, na wenye kipandauso huipata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Hayo ni ya kumweleza daktari, na dawa usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Ile barua ilifutwa siku hiyo hiyo na kijana akarudi darasani, ingawa nyasi alikuwa ameshazifyeka kwa siku mbili. Kuhusu kengele, naibu alisema huo ni uamuzi wa bodi. Nililizungumzia jambo hilo katika mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu, na baada ya mabishano marefu, baadhi ya wazazi wenyewe wakiwa upande wa kengele, bodi ilikubali kuisogeza kwa nusu saa, kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili pekee. Januari mpwa wangu akaingia Kidato cha Tatu.